Elimu ya Jamii na Mambo ya Kila Siku: Salamu, Upatu na Utani Vikiwa Vipimo vya Dhana za Kwanza

UTANGULIZI

Elimu ya jamii ni changa kwa jina, bali ni kongwe kwa jambo lenyewe. Jina lake, ambalo kwa Kiswahili huandikwa sosholojia, lilitungwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830, kwa kuunga neno la Kilatini na la Kiyunani. Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, aliipa elimu hiyo kanuni zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1895. Lakini kabla ya jina hilo kusikika katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, watu wa mwambao walikwisha zoea kuyatazama maisha yao na kuyaeleza kwa utaratibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo, alieleza habari za kuzaliwa, malezi, ndoa, maziko na mengine mengi katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Kitabu hicho hakina hata neno moja la sosholojia, na hata hivyo kila ukurasa wake una habari ambazo mwanafunzi wa sosholojia angezitafuta.

Hata leo elimu hii katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya hufundishwa hasa kwa Kiingereza, na mifano mingi ya vitabu vyake vya mwanzo ni ya miji ya Marekani na Ulaya. Mwanafunzi hujifunza dhana za hadhi, dhima, kaida na kikundi, akazijibu vizuri katika mtihani. Kisha hurudi kwao, akamwamkia babu yake, akatoa zamu yake ya upatu, akaona watani wakifanya vituko penye kaburi, asitambue kwamba yaliyo mbele yake ndiyo yale aliyoyasoma. Hasara hapa ni mbili. Ya kwanza ni ya elimu, kwani dhana isiyopimwa kwa maisha hubaki kuwa neno tupu. Ya pili ni ya lugha, kwani istilahi zinazotungwa na watu wasiotazama matumizi huweza kutoa maana isiyokuwamo, au kuacha ile iliyokuwamo.

Makala haya yanazichukua dhana chache za mwanzo na kuzipima kwa mambo matatu yajulikanayo na kila mtu, nayo ni salamu, upatu na utani. Mwishoni yataelezwa yale ambayo kipimo hicho kinawafunza watunga istilahi.

I. SALAMU, AU NGUVU ISIYOONEKANA

Durkheim alifundisha kwamba yako mambo ya kijamii, yaani njia za kutenda, kufikiri na kuona ambazo zimo nje ya mtu mmoja mmoja na zina nguvu ya kumlazimisha. Mtu huzikuta alipozaliwa, na huziacha afapo. Maelezo haya humwia mgumu mwanafunzi, maana huuliza: nguvu hiyo iko wapi, na nani aliyepata kuiona?

Jibu limo katika neno moja, shikamoo. Wengi hulifasiri asili yake kuwa ni kusema "nashika miguu", nalo huitikiwa marahaba, neno lenye asili ya Kiarabu. Mtoto wa miaka mitano katika Tanzania hulisema kwa kila mtu mzima aingiaye nyumbani. Hakulitunga yeye wala mamaye, wala hapana sheria ya nchi inayomwamuru. Maadamu hulisema, nguvu iliyo nyuma yake haionekani, na mtoto mwenyewe hudhani kwamba anasalimu kwa hiari yake. Nguvu huonekana siku salamu inapokosekana. Mgeni hunyamaza kidogo akisubiri. Mama hukohoa. Ikiwa bado mtoto hakuelewa, mtu mmoja huuliza kwa sauti ya upole yenye ukali ndani yake, "Umemwamkia babu?" Hapo mtoto huona haya, na haya hiyo ndiyo nguvu aliyoitaja Durkheim. Ipo katika macho ya wote waliokaa barazani, na baadaye itakuwa imehamia ndani ya mtoto mwenyewe, hata hatahitaji tena kukumbushwa.

Dalili ya pili ya kwamba jambo hili ni la jamii, si la mtu, ni kwamba hubadilika kwa mahali. Kijana wa Tanga akifika Nairobi na kuwaamkia kwa shikamoo watu wa makamo ofisini, huenda wengine wakacheka, wengine wakaona kama wamezeeshwa kabla ya wakati wao. Adabu yake haikupungua njiani. Kilichobadilika ni mapatano ya watu waliomzunguka, na hapo ndipo kijana anapogundua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba alichokidhani kuwa ni tabia yake kilikuwa cha watu wa kwao.

II. HADHI: YA KUPEWA NA YA KUJIPATIA

Mwamerika Ralph Linton, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alipambanua hadhi za namna mbili: ile mtu apewayo bila juhudi yake, kama umri, jinsia au ukoo, na ile aipatayo kwa kazi au elimu. Alieleza pia kwamba dhima ni hadhi ikiwa inatendwa, yaani haki na wajibu wa mahali fulani zikitiwa katika vitendo.

Salamu huonyesha wazi kwamba hadhi hizi mbili zaweza kugongana katika mtu mmoja. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea vijijini. Mara nyingi mwalimu alikuwa kijana, na mwanafunzi alikuwa mtu wa umri wa baba yake. Kwa hadhi ya kujipatia, mwalimu yu juu. Kwa hadhi ya kupewa, yu chini. Nani amwamkie mwenziwe? Njia iliyo katika adabu ya Kiswahili ni kuzigawa hadhi hizo kwa wakati na kwa neno. Kijana hutangulia kusema, "Shikamoo, mzee," naye huitikiwa, "Marahaba, mwalimu." Katika maneno hayo manne kila mmoja amepata haki yake. Umri umeheshimiwa na salamu, na elimu imeheshimiwa na jina la kuitia. Linton alieleza kwamba mtu huwa na hadhi nyingi, lakini ni nadra kuona hadhi mbili zinazopingana zikipatanishwa kwa kifupi kama hivi.

Mgongano wa namna nyingine huwa ndani ya ukoo. Mjomba aweza kuwa mdogo kwa miaka kuliko mpwa wake. Hapo umri na kizazi, ambavyo vyote viwili ni vya kupewa, havikubaliani, na nyumba mbalimbali hukata shauri mbalimbali: nyingine hufuata kizazi, nyingine hufuata umri, na nyingine huligeuza jambo zima kuwa mzaha, mkubwa akimwamkia mdogo kwa kicheko. Kicheko hicho si cha bure. Ni njia ya kukiri kwamba kanuni mbili zimekutana na hapana iliyoshinda.

Hadhi ya kupewa yaweza pia kuwa mzigo mkubwa, na hapa maneno ya salamu na majina ya kuitana hayawi tena mambo madogo. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, watu waligawanywa kuwa waungwana na watumwa, na mgawanyo huo ulionekana katika mavazi, katika ndoa na katika namna ya kuamkiana. Sheria ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama za Unguja na Pemba. Katika Tanganyika jambo hilo lilikamilishwa kwa sheria ya mwaka 1922. Hata hivyo, kufutwa kwa neno katika sheria hakukulifuta katika vinywa vya watu. Methali isemayo "Mwacha mila ni mtumwa" bado husemwa kwa nia njema, kuwaonya vijana wasidharau ya kwao. Lakini ndani yake imehifadhiwa hukumu ya zamani, kwamba mtu aliyeng'olewa katika ukoo na desturi zake ndiye asiye na hadhi. Msomi anayeitumia methali hiyo yampasa ajue kwamba anashika mkononi kipande cha historia.

Mfano wa pili wa jambo hili ni neno ndugu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hilo lilitiliwa nguvu nchini Tanzania kuwa jina la kuitana kati ya raia wote, mkubwa kwa mdogo, ili kuondoa vyeo katika usemi. Lilitumika katika mikutano, barua na magazeti. Shikamoo haikuguswa. Watu walimwita kiongozi ndugu, na mtoto wa kiongozi aliendelea kumwamkia mzee wa jirani kwa shikamoo. Na mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mheshimiwa lilikwisha anza kuenea, nalo likaenea zaidi. Ndugu liliingizwa kwa agizo, nalo likapungua agizo lilipolegea. Shikamoo haikuwa na agizo lolote, nayo ikadumu.

III. DESTURI, MILA, ADA NA SHERIA

Tofauti hiyo yaelekea katika dhana ya tatu. Mwamerika William Graham Sumner, katika kitabu chake cha mwaka 1906, alitenga mazoea ya kawaida ya watu na mazoea yale yaliyotiwa uzito wa haki na batili, ambayo ustawi wa jamii hudhaniwa kuwa umo ndani yake. Watungaji wengi wa Kiswahili hutafsiri aina zote mbili kwa neno moja, ama desturi ama kaida, na kwa kufanya hivyo huipoteza tofauti ambayo Kiswahili chenyewe kinayo.

Msemaji wa Kiswahili hasemi desturi na mila kwa uzito ule ule. Ni desturi kunywa chai asubuhi, na ni desturi kumpa mgeni kiti. Asiyefanya hivyo husemwa kidogo, na jambo likaisha. Lakini kukataa kumzika mzazi, au kumtukana mama mbele ya watu, ni kuvunja mila, na aliyefanya hayo hahesabiwi kuwa mtu wa ajabu tu, bali kuwa mtu aliyejitoa katika watu. Desturi huweza kuwa ya mtu mmoja ("desturi yake kulala mchana"). Mila haiwezi kuwa ya mtu mmoja, daima ni ya watu. Tofauti hii ya sarufi na matumizi ndiyo ile ile ya Sumner, nayo haikuhitaji kuazimwa.

Neno la tatu, ada, lina somo la peke yake. Maana yake moja ni jambo lililozoeleka, na maana yake nyingine ni malipo yanayotolewa kwa mujibu wa mazoea, kama yale apewayo kungwi au mwalimu wa chuo. Leo wengi hulijua kwa maana ya malipo ya shule peke yake. Katika safari ya neno hili huonekana mabadiliko makubwa ya jamii. Kipawa kilichotolewa kwa mtu anayejulikana, kwa kiasi kilichopimwa na heshima, kimekuwa fedha inayotolewa kwa ofisi, kwa kiasi kilichoandikwa. Neno limebaki, na uhusiano uliolizaa umeondoka.

IV. UPATU: KIKUNDI NA MWAMINI

Jamii haiundwi na kanuni peke yake, huundwa pia na vikundi. Charles Horton Cooley, mwaka 1909, alivitaja vikundi vya msingi, ambavyo watu wake huonana uso kwa uso na kujuana kwa undani, kama nyumba, ujirani na wachezaji wa utotoni. Baada yake ikawa kawaida kuvitofautisha na vikundi vya pili, ambavyo watu huunganishwa na kazi au mapatano tu.

Upatu huonekana kuwa ni jambo la mapatano tu. Watu kumi, tuseme, hupatana kutoa kila mmoja shilingi 20,000 kila juma. Fedha zote, shilingi 200,000, hupewa mmoja wao, na juma lijalo mwingine, hata zamu iwazunguke wote. Anayekusanya na kugawa, ambaye mahali pengi Tanzania huitwa kijumbe, hushika orodha. Baada ya majuma kumi kila mmoja ametoa 200,000 na amepokea 200,000. Kwa hesabu tupu hapana aliyepata faida, na mtu asiyejua angeuliza kwa nini wanajisumbua.

Lakini tazama zamu. Aliyepokea juma la kwanza amekopeshwa na wenziwe tisa bila riba. Aliyepokea la mwisho amewakopesha wote bila riba, na faida yake ni kwamba fedha zake zililindwa zisitawanyike. Clifford Geertz, aliyeandika juu ya vyama vya namna hii mwaka 1962 kwa kulinganisha nchi za Asia na Afrika, aliviona kuwa ni daraja la kati linalowapitisha watu kutoka uchumi wa kijiji hadi uchumi wa fedha na biashara. Maelezo hayo yana kweli, ila hayajibu swali zito kuliko yote: ni nini kinachomzuia mtu wa kwanza, akisha pokea, asitoroke?

Mara nyingi hapana hati, na mahakama hazihusiki. Kinachomzuia ni kwamba atakutana na wenziwe kisimani, sokoni, msikitini au kanisani, na katika harusi ya binti yake. Kwa hiyo upatu, ingawa kwa umbo ni mapatano ya fedha, husimama juu ya kikundi cha msingi kilichokuwapo kabla yake. Na kijumbe mwenye busara hujua elimu hii bila kuisoma. Zamu za kwanza huwapa wale waliokwisha julikana, na mgeni humweka mwisho. Mgeni hatukanwi wala hashukiwi kwa maneno, bali huwekwa mahali ambapo kwanza yeye ndiye anayewaamini wenziwe, kabla wao hawajatakiwa kumwamini. Orodha ya zamu ni picha ya kikundi chenyewe, ikionyesha nani anaaminiwa na kwa kiasi gani.

Maelezo hayo yana faida kubwa ya vitendo. Jina la upatu limetumiwa pia kwa mipango ya fedha inayokusanya maelfu ya watu wasiojuana, ambayo humlipa mtangulizi kwa fedha za anayefuata na huahidi faida ambayo haitoki popote. Mipango hiyo huanguka wakati wageni wapya wanapokoma kuingia, na waliochelewa hupoteza akiba zao. Waliodanganyika hawakuwa wajinga wa hesabu tu. Walilisikia jina la kitu walichokiamini tangu utoto, wakadhani kitu chenyewe kimo ndani ya jina. Dhana ya kikundi cha msingi ingewapa swali moja la kuuliza kabla ya kutoa fedha: je, wanaocheza wanajuana, na nani atamwonea nani haya?

V. UTANI: DHIMA YA KUKOSA HESHIMA

Katika mambo yote matatu, utani ndio uliowashughulisha zaidi wataalamu wa nje. Marcel Mauss wa Ufaransa alitoa insha juu ya mahusiano ya mizaha katika miaka ya 1920. A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu yake katika jarida la Africa mwaka 1940, na R. E. Moreau alieleza habari za utani wa Tanganyika mwaka 1941 na tena mwaka 1944. Kwa maoni ya Radcliffe-Brown, utani ni uhusiano ambao desturi humruhusu mtu, na mara nyingine humlazimisha, kumfanyia mwenziwe mzaha, na mwenziwe hana ruhusa ya kukasirika. Alisema kwamba uhusiano huo hutokea mahali ambapo watu wameungana na papo hapo wametengana, kama shemeji, ambao ndoa imewaleta pamoja ilhali koo zao ni mbili. Uadui unaoweza kuzuka hugeuzwa kuwa mchezo.

Utani wa Tanzania ni wa namna mbili. Uko wa jamaa, kati ya babu na mjukuu, kati ya mabinamu, na kati ya shemeji. Na uko wa makabila. Huu wa pili husimuliwa kuwa umetokana na vita vilivyomalizika kwa mapatano, au na safari ndefu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mnamo mwaka 1878 hadi 1882, na leo ni watani. Wanyamwezi, waliochukua mizigo ya misafara hadi Bagamoyo, wana watani miongoni mwa watu wa njia ile, Wazaramo wakiwamo. Manufaa yake kwa msafiri yalikuwa dhahiri: mtu afikaye nchi ya ugenini, mbali na ukoo wake, hukuta watu wenye wajibu kwake. Akiugua humtunza, na akifa humzika.

Hapa ndipo mtazamaji asiyejua huweza kukosea vibaya. Msibani, watani huweza kuja na kuigiza mwendo na maneno ya marehemu. Wengine huzuia maiti isiteremshwe kaburini mpaka wapewe kitu kidogo. Mgeni, au hakimu asiyejua mila, angeona matusi, dharau kwa wafu, na udhalimu wa fedha. Wafiwa hawaoni hivyo. Hutoa fedha, hucheka katikati ya machozi, na mtani aliyekuwa akiwasumbua ndiye anayeshika jembe. Mzaha wake ni haki, na kazi yake ni wajibu, na hizo mbili haziachani. Asiyefika kuzika hana haki ya kutania.

Kwa hiyo utani unaongeza jambo katika dhana ya dhima. Vitabu vya mwanzo huonyesha dhima kama utii: kutenda yale yatarajiwayo na watu wa adabu. Mtani huonyesha kwamba kuna dhima ambayo yaliyomo ndani yake ni kuvunja adabu, na kwamba uvunjaji huo wenyewe una kanuni kali. Una watu wake, maana hautaniwi kila mtu. Una mahali pake na mipaka yake, na una usawa, yaani anayetania leo hutaniwa kesho. Huo usawa ndio nguzo. Bosi amwambiaye mtumishi wake maneno ya kumdhalilisha, kisha akasema, "Nilikuwa natania," hakutania. Mtumishi hawezi kumjibu, na kwa sababu hiyo hapana utani, pana jeuri iliyovaa nguo ya utani. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamume anayemsumbua kwa maneno mwanamke asiye mtani wake na kudai kwamba ni mzaha. Nadharia ya Radcliffe-Brown hueleza vizuri amani ya wale wanaojibizana, lakini haimpi sauti yule asiyeweza kujibu. Kiswahili humpa sauti hiyo kwa swali la kawaida kabisa: "Tangu lini tumekuwa watani?"

Utani nao unabadilika. Magazeti ya Tanzania huziita klabu za mpira za Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, watani wa jadi. Washabiki wake hukebehiana kazini na nyumbani, na mume na mke huweza kuwa pande mbili. Umbo la utani limo: pande mbili, kebehi za zamu, na kukatazwa kukasirika. Lakini mshabiki wa Simba hana wajibu wa kumzika mshabiki wa Yanga kwa sababu ya mpira. Haki imehama, na wajibu umebaki nyuma. Mambo kama haya yametajwa pia juu ya ada na upatu, nayo yaonyesha njia moja ambayo taasisi za zamani huingia mjini: huingia jina kwanza.

Pengine husemwa kwamba utani ndio uliowaunganisha watu wa Tanzania kuwa taifa moja. Dai hilo hupendeza, lakini lahitaji uangalifu. Mahusiano ya mizaha yako pia katika nchi nyingine za Afrika, pamoja na nchi zilizopatwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kiswahili, siasa za chama kimoja na mpango wa elimu vilikuwapo wakati ule ule, na si rahisi kutenga kazi ya kimoja na ya vingine. Mwanzo wa elimu ya jamii ni kukataa sababu moja nyepesi, hata ikiwa sababu hiyo inatusifu.

VI. FUNZO KWA WATUNGA ISTILAHI

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, istilahi nyingi zimetungwa. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1970, imethibitisha kwamba elimu ya juu inaweza kutolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo swali lililobaki halihusu uwezo wa lugha, bali linahusu namna ya kuchagua maneno.

Mifano iliyotangulia yaonyesha hatari tatu. Ya kwanza ni kuchukua neno jembamba mno. Mtu akitafsiri hadhi kwa cheo, ameingiza ofisi mahali pasipo na ofisi, kwani babu hana cheo kwa mjukuu wake, ila ana hadhi. Ya pili ni kuchukua neno moja mahali pa mawili, kama ilivyoelezwa juu ya desturi na mila. Ya tatu ni kuchukua neno bila kuuliza lilikuwa na nini kabla. Neno dhima, ambalo sasa hutumika kwa maana ya sehemu mtu anayoitenda katika jamii, katika matumizi ya zamani lilikuwa na maana ya jukumu, jambo ambalo mtu amelichukua juu yake na ataulizwa. Maana hiyo ya zamani isionwe kuwa kizuizi. Dhana ya kigeni hukazia utendaji, kama mchezaji jukwaani anayeweza kuvua vazi akaenda zake. Dhima hukazia kuulizwa. Mtani aliyechukua fedha penye kaburi na kutochimba hakucheza vibaya tu, ameacha dhima. Katika jambo hili neno la Kiswahili limesema zaidi ya dhana iliyolileta.

Basi kabla ya istilahi kupitishwa, yafaa ipimwe kwa mambo matatu: isemwe katika sentensi ya mtu wa kawaida ionekane kama yasimama, itafutiwe jirani zake, yaani maneno yaliyo karibu nayo kwa maana, ili mipaka yake ijulikane, na ipewe mfano wa jambo ambalo mwanafunzi ameliona kwa macho yake. Istilahi iliyoshindwa katika vipimo hivyo itakaririwa, lakini haitafikiriwa.

HITIMISHO

Salamu imeonyesha nguvu ya jamii na mgongano wa hadhi. Upatu umeonyesha kwamba uaminifu hautokani na hesabu, hutokana na kujuana. Utani umeonyesha kwamba hata kukosa adabu kuna adabu yake. Dhana za Durkheim, Sumner, Cooley na Linton zimesaidia kuyaona mambo hayo, na mambo hayo nayo yamezipanua dhana zenyewe. Mwanafunzi aliyefunzwa hivi hatarudi kwao kama mgeni. Atakapokaa barazani na kusikia mtoto akiulizwa, "Umemwamkia babu?", atajua kwamba amefika mahali ambapo somo lake lilianzia.